Kaka wa Mkutanoni

Mwaka ule kampuni za watu binafsi ziliporuhusiwa kununua pamba, mji wa Bariadi ulijaa wanaume waliovaa viatu vya ngozi. Walishuka na malori ya kukodi na mizani mipya, na kabla hawajatangaza bei ya pamba waliuliza pa kulala. Gesti za stendi zilikuwa chache. Ile kubwa, ya Bwana Yakobo, ilikuwa na kunguni waliojulikana mpaka Dutwa. Basi wanawake wa mitaa ya ndani wakaanza kufagia vyumba vya uani na kutandika mashuka waliyoyaficha masandukuni tangu harusi zao.

Nyanjige alikuwa mmoja wao. Mumewe, Mhoja, alikuwa karani wa mizani katika ghala la ushirika. Alifariki kabla ghala halijafungwa, na labda kifo kilimwepusha na uchungu wa kuliona likigeuka makao ya popo. Alimwachia mjane wake nyumba ya tofali za kuchoma, banda la uani lenye vyumba viwili, na binti mmoja, Milembe.

Milembe alizaliwa Mwamapalala kwa wajomba zake, akaletwa mjini angali mgongoni. Alimaliza darasa la saba, akajifunza ushonaji kwa masista, akarudi nyumbani kusaidiana na mama yake. Hakuwa msichana wa kelele. Alicheka kwa mabega, sauti haitoki, na majirani walisema ukitaka kujua kama Milembe amefurahi, mtazame kwa nyuma. Wageni walipoanza kuja, yeye ndiye aliyewapikia. Waliotoka mbali aliwapa wali. Wasukuma wenzake aliwapa ugali wa mtama na maziwa ya mgando, na asubuhi michembe, yale mapande ya viazi vitamu vilivyokaushwa, akiyapika na karanga mpaka harufu ikavuka uzio.

Wakubwa waliuita wakati ule wa ruksa. Ruksa kununua, ruksa kuuza, ruksa kwa mwenye lori kumtimulia vumbi mwenye baiskeli. Ilipofika zamu ya mjane kutandika kitanda cha kamba, ghafla kukakumbukwa kwamba nchi ina utaratibu.

Miongoni mwa wageni alikuwamo Marcelo Nyanda, kijana wa Sengerema, aliyeajiriwa na kampuni moja kusimamia ununuzi vijijini. Wengine walipanga chumba, wakalala, wakaenda zao. Marcelo alikuwa akirudi kila wiki kutoka Nassa au Dutwa, na kila akirudi alipitia jikoni kwanza, nguo zikiwa zimejaa nyuzi za pamba.

"Mwadila, mayu," alimwamkia Nyanjige kwa Kisukuma, akimwita mama na kuinama kama mtoto aliyelelewa.

"Mwadila, mwanangu. Leo umekuwa mzee, mvi mpaka kwenye nyusi."

"Ni pamba hiyo, mayu. Uzee wenyewe bado unanitafuta."

Milembe akageukia jiko, mabega yakimtikisika.

Mapenzi yao hayakuwa na siri ya aibu, ila yalikuwa bado hayajasemwa. Marcelo alitaka msimu wa pamba uishe, aende kwao, amwambie baba yake, mshenga aje kwa njia iliyonyooka. Milembe alikubali kungoja. Alikuwa na hakika ya jambo lile kuliko alivyowahi kuwa na hakika ya lolote, na mtu mwenye hakika haoni sababu ya kuharakisha maneno. Alitaka kuolewa na Marcelo. Hakutaka kingine maishani mwake, na hakutaka makubwa.

Msimu ulipopamba moto, baiskeli ya Mzee Jilala ikaibiwa mtaani, na wageni wawili wakapigana kwa ajili ya mwanamke karibu na kisima. Bwana Yakobo hakungoja vumbi litulie. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mayunga, akiwa na kilo za sukari na maneno ya maadili. Akasema watoto wetu wanaharibika, nyumba za kuishi zimegeuzwa stendi, mtu hajui tena anapishana na nani njiani. Yote hayo yalikuwa na chembe ya ukweli, na ndiyo maana yalipita. Hakusema kwamba vitanda vyake vilikuwa vitupu.

Mkutano ukaitishwa katika uwanja wa lile ghala tupu la ushirika. Asubuhi ya siku hiyo Milembe alikuwa akichambua mchele, na mama yake akimtazama kwa muda mrefu.

"Milembe, una neno?"

"Sina, mayu."

"Unachambua mchele ule ule mara mbili."

"Una mawe mengi."

Mama yake akaiacha. Hayo ndiyo maneno mepesi kuliko yote aliyopata kusema Milembe, na ndiyo yaliyokuja kumlemea.

Pale ghalani Mzee Mayunga alisimama na kusoma alichokiita sheria ndogo ya mtaa. Kuanzia siku ile, nyumba ya kuishi isilaze mgeni wa kulipa. Mpangaji awe wa mwezi mmoja au zaidi. Anayetaka kulala siku mbili tatu aende gesti. Ndugu ni ndugu, hakatazwi, mradi aletwe mbele ya mkutano atambulishwe. Atakayekaidi atatozwa mchenya, yaani faini ya mbuzi na mchele wa kuwalisha wanamtaa, na mpaka atakapolipa hakuna atakayemchotea maji wala kumpa moto, wala kukanyaga kwake akifiwa.

Hilo la mwisho ndilo lililowanyamazisha watu. Mbuzi hupatikana. Kufiwa ukiwa peke yako ni jambo jingine.

"Nyanjige," akaita Mwandu, kamanda wa sungusungu, walinzi wa mtaa, mtu wa kifua kipana na mzaha usio na breki. "Tuanze na wewe. Yule kijana wa pamba anayeshindia jikoni kwako, ni mgeni au ni chungu?"

Watu wakacheka. Marcelo mwenyewe alikuwapo, amesimama karibu na ukuta na wanunuzi wenzake. Nyanjige akainuka taratibu, akafunga kanga vizuri. Milembe alimfahamu mama yake. Aliona jinsi alivyokaza taya, akajua anahesabu kwa haraka: nyumba, banda, ukame wa mwaka uliopita, na kurudi Mwamapalala kuomba kona kwa kaka zake.

"Yule si mgeni," Nyanjige akasema. "Ni mtoto wa dada yangu."

"Dada yako yupi?"

"Kabula. Aliyeolewa ng'ambo ya Ziwa, akafia huko. Nani hapa asiyejua kwamba nilikuwa na dada?"

Kweli walijua. Kabula alikuwapo, aliolewa mbali, akafa, na hakuna mtu wa Bariadi aliyewahi kuwaona watoto wake. Kama alizaa.

Mwandu akamgeukia Marcelo. "Wewe kijana. Mama yako aliitwa nani?"

Marcelo akamtazama Milembe. Akimtaja mama yake halisi, Nyanjige ataaibika mbele ya mtaa mzima, na chumba kitafungwa leo hii. Alidhani anamwokoa mama wa mtu anayempenda. Alikuwa kijana, na alidhani neno lililosemwa kwa sababu njema halina meno.

"Kabula," akasema.

"Na yuko wapi?"

"Alishafariki."

Mzee Mayunga akapendezwa. Alipenda sheria yake ianze kwa wema. "Basi Milembe, simama wewe. Mtambulishe ndugu yako kwa wanamtaa."

Milembe akasimama. Alimwona Esteria, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, akimtolea tabasamu la kumtia moyo, kama mtu anayemsukuma mtoto akaimbe kanisani. Alimwona mama yake akitazama chini. Angeweza kusema kwamba mayu amekosea, mtu huyu anataka kunioa. Maneno hayo angeyamaliza kwa pumzi moja. Badala yake akasikia sauti yake, nyembamba, ikisema:

"Huyu ni kaka yangu."

Watu wakapiga makofi.

Lililofuata lilikuwa ukarimu, na ukarimu ule ulibana kuliko vitisho. Esteria akachinja jogoo wake mweupe kumkaribisha mtoto wa marehemu Kabula. Wanawake wakaja na unga, na kibuyu cha maziwa, wakakaa uani wakitafuta sura ya Kabula usoni mwa Marcelo. "Macho haya!" wakasema. "Macho ni ya ukoo, hayapotei." Kikongwe mmoja akalia. Marcelo alikula jogoo yule kama anayemeza mchanga, na Milembe, akimwagia maji ya kunawa, aliitwa "dada" na kila aliyepita.

Wageni walipotawanyika, Marcelo alimfuata kwenye kamba ya nguo.

"Milembe, nimefanya nini?"

"Tumefanya."

"Mwambie mama leo. Ukichelewa watatutafutia na majina ya mababu."

Akamwambia. Nyanjige alikuwa akisugua sufuria kwa majivu. Aliposikia aliiweka chini, akakaa juu ya kinu kilicholala, akashika kichwa.

"Nilikuuliza asubuhi."

"Uliniuliza, mayu."

"Ukasema mchele una mawe."

"Nilisema."

Kwa Wasukuma mtoto wa mama mdogo na mtoto wa mama mkubwa ni watoto wa tumbo moja. Hakuna mzaha wala njia ya mkato katika hilo, wala hakuna mtaa ambao ungewaangalia wakioana halafu ukaja kula harusi. Nyanjige alilijua hilo kabla hajafungua mdomo pale ghalani. Asilolijua ni kwamba binti yake alikuwa amesimama upande wa pili wa maneno yake.

Lakini Nyanjige hakuwa mwanamke wa kukaa juu ya kinu milele. Siku iliyofuata alivaa gauni la misa, akaenda kwa Mzee Mayunga, akapiga magoti na kukiri. Akasema, nilidanganya, yule si mtoto wa Kabula, nitozeni. Mwenyekiti alikasirika kwanza, kisha akacheka, kwa sababu mbuzi ni mbuzi. Mchenya ukalipwa. Mtaa mzima ukaja kula uani kwa Nyanjige, na Mwandu akala kuliko wote.

"Nyanjige, mwaka huu umetulisha mara mbili," alisema akitafuna mfupa. "Mara ya kwanza kwa mpwa, mara ya pili kwa mkwe. Mwaka kesho tuletee hata mjomba wa bandia."

Esteria alinuna kwa ajili ya jogoo wake, kisha naye akacheka. Marcelo alihamisha begi lake kwenda gesti kwa Yakobo, kwa kunguni, na vyumba vya uani vikafungwa. Nyanjige alikuwa amepoteza mapato yake, lakini alikuwa na furaha ya ajabu, furaha ya mtu aliyebomoa ukuta wake mwenyewe akamtoa mtoto aliyenaswa. Milembe alianza kushona foronya. Usiku wa siku zile alilala usingizi mzito. Alidhani wamevuka.

Mavuno yalipokwisha, baba yake Marcelo alikuja pamoja na mshenga na shemeji wawili. Mzee Nyanda alikuwa mrefu, mkimya, mwenye fimbo na kofia ya pama, mtu ambaye ng'ombe zake walijulikana kwa majina. Walipokewa kwa heshima. Viti viliazimwa kwa Esteria. Milembe aliwapigia magoti akawaamkia mmoja mmoja, na mzee akaitikia akimuuliza ukoo wake, wajomba wake, afya ya mifugo ya Mwamapalala. Alipoinuka kwenda kuleta maji, alisikia mzee akimwambia mshenga kwa sauti ya chini, "Huyu amelelewa." Aliyabeba maneno hayo mpaka kwenye mtungi.

Alipokuwa akirudi na maji, Mwandu alikuwa anaingia kwenye uzio. Hakualikwa, ila sungusungu hupita kuwaona wageni, na siku ile alikuwa amechangamka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba mzaha unaoiva mara moja unaweza kupashwa moto.

"Mwadila, bageni!" akasema, akimpa mzee mkono. "Karibu sana, mzee wangu. Kumbe wewe ndiye mume wa marehemu Kabula! Pole na msiba."

Mzee Nyanda aliuacha mkono. "Marehemu nani?"

"Mama yake Marcelo. Mwenyewe alitutangazia pale ghalani kwamba mama yake alishakufa." Mwandu akacheka, akawatazama wengine wamsaidie kucheka. Hakuna aliyemsaidia. "Ni... ni mambo ya sheria ya wageni tu, mzee. Tulishayamaliza. Tulikula mbuzi."

Mzee hakumtazama tena Mwandu. Alimtazama mwanawe.

"Ulisema hivyo?"

"Baba, ilikuwa ni kwa sababu ya..."

"Sikukuuliza sababu. Mama yako nimemwacha nyumbani anapura mtama. Ulisimama mbele ya watu ukasema amekufa?"

Marcelo hakuweza kusema hapana. "Nilisema, baba."

Nyanjige akapiga magoti, akaanza kueleza: kosa lilikuwa lake, yeye ndiye aliyelianza, kijana alimfuata kwa huruma. Kila neno lilikuwa la kweli na kila neno lilizidi kuharibu, kwa kuwa sasa ilionekana wazi kwamba nyumba ile ndiyo iliyomtungia mwanamke mzima kifo. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akashika fimbo yake.

"Mama, sina ugomvi na wewe. Lakini mke wangu nitamwambia nini? Kwamba mkwe anayekuja ametoka katika nyumba alimozikwa yeye akiwa hai?"

Milembe alikuwa amesimama na sinia la maji. Walimpita. Hakuna aliyeyanywa.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, mama yake Marcelo aliugua miguu. Aliugua, akapona, akaishi miaka mingi, lakini huko Sengerema hakuna aliyehesabu kupona kwake. Walihesabu kuugua, wakasema ni lile neno la ghalani. Marcelo alikuja mara moja tu baada ya hapo, akamwomba Milembe waende Mwanza wakaishi, wapate mtoto, wazee watalainika. Walikuwa wamesimama stendi, kati ya magunia ya choroko.

"Na mayu?" Milembe akauliza.

"Tutamtumia nauli awe anakuja."

"Atakuja kama nani, Marcelo? Mama mkwe, au mama mdogo?"

Hakukusudia kumchoma, lakini alimchoma. Aliona uso wa Marcelo ukijifunga. Basi likapiga honi. Kwa miaka mingi Milembe alijiuliza kama angepanda, na kila mwaka alijibu tofauti.

Aliolewa baadaye na fundi baiskeli wa Dutwa aliyefiwa na mkewe, mtu mpole, akamzalia wavulana wawili. Hakumdharau, naye hakumdanganya. Mumewe alipofariki alirudi Bariadi kumuuguza Nyanjige, na ndiyo sababu tunamkuta tena katika nyumba ile, mwanamke mwenye cherehani barazani na mabega yasiyotikisika.

Mji ulikuwa umebadilika. Bwana Yakobo alikuwa amejenga nyumba ya familia mtaani, na nyuma yake safu ya vyumba vya kulaza wanunuzi na mahakimu wa safari. Nyumba ya tatu kutoka hapo kulikuwa na kibao, iliyofuata nayo kibao. Hakuna aliyewapeleka ghalani. Ghala lenyewe lilikuwa limeuzwa, na aliyelinunua hakuulizwa ni ndugu wa nani.

Milembe naye alitaka kufungua vyumba vya uani. Kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akaenda kwanza kwa Mzee Mayunga, ambaye alikuwa bado mwenyekiti, amezeeka, anaota jua mbele ya redio.

"Mzee, nimekuja kuuliza kama ile sheria ingalipo."

"Sheria gani, mwanangu?"

"Ya wageni wa kulipa. Kwamba wasilale katika nyumba za kuishi."

Mzee akafikiri, kwa uaminifu kabisa. Akakuna goti. "Ilikuwapo?" Kisha akacheka kidogo. "Aa, tuliwahi kusema mambo kama hayo. Wakati ule wa pamba. Ilikuwa ya msimu tu, mwanangu. Nani angeishika? Kila mtu anatafuta. Wewe fungua tu."

Milembe alikuwa amepiga magoti kwa heshima. Alibaki hapo akiwa ameshika vidole vyake.

"Ilikuwa ya msimu," akarudia.

"Ya msimu."

"Mbele ya watu wote uliniambia nisimame, mzee. Nikasimama. Nikamwita kaka mtu aliyekuwa awe mume wangu."

Redio iliendelea kusoma bei za mazao. Mzee Mayunga aliinyooshea mkono aizime, akakosea kitufe, sauti ikapanda, akahangaika nayo. Ilipozimika alikuwa na macho ya mtoto aliyevunja kitu cha mwenziwe bila kujua.

"Tungejua, mwanangu..."

"Hamkuuliza," Milembe akasema. "Nami sikusema."

Akainuka, akakung'uta vumbi magotini. Basi la Mwanza lilikuwa linakaribia kuingia, na mtu ambaye Milembe alimwagiza mashuka ya vyumba alikuwa ndani yake.